HAKI YA JIRANI HAINA DHEHEBU
Makanisa, mashehe na ardhi ya kijiji katika eneo la Nyamwage, Rufiji



Katika ziara zetu sharikani, na katika barua tunazopokea kutoka kwa marafiki wanaotuchangia, swali moja limekuwa likijirudia. Kamati za sharika huuliza: kwa nini fedha za mradi zinatumika kuwafundisha sheria ya ardhi watu wa Rufiji ambao wengi wao si Walutheri, tena wengi si Wakristo kabisa? Wafadhili wetu huuliza kwa namna nyingine: kwa nini kazi hii inafanywa pamoja na Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na mashehe, wakati kila kanisa lina ofisi yake ya miradi, na ingekuwa rahisi zaidi kila mmoja kutoa hesabu ya kazi yake?

Maswali haya ni ya msingi, na anayetoa sadaka yake ana haki ya kujibiwa. Katika makala hii tunaeleza hali ya eneo lenyewe, sheria inavyosema, kosa tulilolifanya sisi wenyewe mwanzoni, na yale tuliyojifunza. Mwishoni tumeweka mambo ambayo kamati ya usharika wowote inaweza kuyafanya bila kusubiri fedha za mradi.

ENEO LENYEWE

Nyamwage ni kijiji cha Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani, kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Ukitoka Kibiti unapita Ikwiriri, unavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha unaendelea kusini hadi njia panda ya kwenda Utete, makao makuu ya wilaya. Hapo ndipo Nyamwage. Wenyeji wa ukanda huu ni Wandengereko, Wamatumbi na Wangindo, na walio wengi ni Waislamu. Hulima mpunga, mahindi, mihogo, ufuta na korosho. Makanisa yapo, lakini ni madogo, na waumini wake wengi ni watu waliohamia: watumishi wa serikali, wafanyabiashara wa barabarani na wafugaji.

Ili kuelewa migogoro ya leo ni lazima kurudi nyuma kidogo. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la Rufiji kwenda sehemu za juu katika vijiji vipya. Nyumba zikahama, lakini mashamba ya mpunga na ya mlau, yaani kilimo kinachofuata maji yanapopungua bondeni, yakabaki kule kule. Msimu ukifika familia nyingi hurudi bondeni kukaa kwenye madungu na kulinda mazao. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na nyumba katika kijiji kimoja na shamba la baba yake katika kijiji kingine, bila karatasi yoyote inayoonyesha lolote kati ya hayo mawili. Ushahidi wake ni mwembe, mkorosho, kaburi la babu na majirani wanaokumbuka. Majirani hao wakifariki, ushahidi nao umekwenda.

Kuanzia mwaka 2006, wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu mkoani Mbeya walielekezwa mikoa ya kusini na Pwani. Wengi walifika Rufiji na Kilwa na makundi makubwa ya ng'ombe. Baadhi ya vijiji viliwapokea kwa utaratibu; vingine vilishtukia tu mifugo imeingia katika mashamba ya mpunga. Mwezi Mei 2012 mji wa Ikwiriri ulikumbwa na vurugu kubwa baada ya mkulima mmoja kuuawa katika ugomvi wa aina hiyo. Katika miaka hiyo hiyo ya 2000 makampuni ya nishati ya mimea yalikuwa yakifika Rufiji kutafuta maelfu ya hekta. Halafu mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoharibu nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti yakawafanya watu wengine tena watafute mahali pa kukaa sehemu za juu.

Msafiri anayepita kwa basi huona misitu na vichaka pande zote, akasema ardhi ya Rufiji ni ya kumwaga. Lakini karibu kila kichaka kina mtu anayekidai, na mara nyingi wako wawili au watatu.

SHERIA INASEMAJE

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi ya vijiji husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Wengi wetu tumeisikia kwa jina tu. Mambo manne katika sheria hiyo yanatosha kubadilisha maisha ya familia ikiyajua.

Kwanza, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kama mdhamini, si kama mwenye mali. Hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwenyekiti na mtendaji wakimgawia mtu ardhi wakiwa wawili chini ya mti, hicho si kikao.

Pili, ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa ajili ya mwekezaji au shughuli nyingine, na eneo lenyewe halizidi hekta 250 (ekari zaidi ya 600), Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye uwezo wa kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na uamuzi hufanywa na Waziri baada ya kuyazingatia. Kwa vyovyote vile wananchi ni lazima wasikilizwe.

Tatu, mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi haina nguvu ya kisheria. Vilevile Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha migogoro, lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake.

Nne, mwanakijiji anaweza kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hati hii hutolewa kijijini baada ya mipaka ya kijiji kupimwa, kijiji kupata Cheti cha Ardhi ya Kijiji na kuwa na masjala ya kutunzia kumbukumbu. Inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke kwa pamoja, na sisi tunashauri iwe hivyo. Aidha, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji nafasi ya kupanga wapi palimwe, wapi palishwe na ng'ombe wapite wapi kwenda majini.

Tunapofundisha mambo haya huwa tunasoma habari ya shamba la mizabibu la Nabothi, Wafalme wa Kwanza sura ya 21. Watu wengi humkumbuka Ahabu aliyelitamani na Yezebeli aliyepanga njama. Husahaulika wale wazee wa mji waliopokea barua, wakaitisha mkutano, wakaweka mashahidi wa uongo, na kufanya kama walivyoagizwa. Shamba la Nabothi lilichukuliwa kwa njia ya kikao. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba muhtasari wa mkutano wa kijiji ni jambo la kiroho pia.

TULIPOKWENDA PEKE YETU

Sasa tunaeleza kosa letu. Semina ya kwanza tuliifanya kama dayosisi, ndani ya jengo la kanisa, kwa bango lenye jina letu. Tulikuwa na mwanasheria mzuri, vitabu vya sheria kwa lugha nyepesi, na chakula cha kutosha. Siku ya kwanza wakulima kadhaa walikuja. Siku ya pili hawakurudi. Waliobaki walikuwa waumini wetu, na wengi wao walikuwa wafugaji.

Tulifikiri ni uvivu, au tatizo la posho. Baadaye mzee mmoja wa kijiji alitueleza ukweli bila kuficha. Alisema, "Ninyi mnakuja kutufundisha ardhi ndani ya nyumba ya watu ambao ng'ombe wao wamelala kwenye mpunga wetu. Mnadhani sisi tutaelewa nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekuja kwa nia ya kutetea haki, lakini kwa macho ya kijiji tulikuwa upande mmoja wa ugomvi. Hata maneno ya kweli ya sheria, yakitoka mdomoni mwetu peke yetu, yalisikika kama utetezi wa wafugaji. Si hivyo tu. Wenzetu Wakatoliki walikuwa wamepanga semina yao karibu na wakati huo huo, na kanisa moja la Kipentekoste lilikuwa na mafunzo ya haki za wanawake katika kitongoji jirani. Kijiji kimoja kilikuwa kinaitwa mara tatu kusikia jambo moja, na kila aliyeita alikuwa na bango lake.

Tulikutana na wenzetu tukaungama hivyo. Tukakubaliana kuunda kamati moja ndogo ya pamoja: mwinjilisti wetu, katekista wa kigango, mtumishi wa Kianglikana, mchungaji wa Kipentekoste, na mama mmoja kutoka kila kanisa. Kisha tukaenda msikitini kuomba mashehe wawili waungane nasi, na wakakubali kwa sharti moja ambalo tuliliona la busara: mikutano isifanyike kanisani wala msikitini, bali ofisi ya kijiji au chini ya mwembe wa shule. Bango likaondolewa. Katika hesabu za mradi ilikuwa vigumu kueleza kwa nini fedha za bango hazikutumika, lakini tulieleza.

MJANE, MFUGAJI NA NG'OMBE WA HARAMBEE

Tunatoa mfano mmoja, bila kutaja majina wala kijiji, kwa heshima ya wahusika.

Mama mmoja Mwislamu alifiwa na mumewe. Walikuwa na shamba la mikorosho, na sehemu ya mikorosho hiyo aliipanda yeye mwenyewe kabla na baada ya ndoa. Baada ya arobaini, shemeji zake walimwambia kwamba kwa mila yao mwanamke harithi ardhi, na wakamtaka arudi kwao na watoto. Wakalikodisha shamba kwa mfugaji mmoja kwa malisho ya misimu mitatu, wakapokea fedha zote kwa mkupuo. Hapakuwa na karatasi zaidi ya kipande cha daftari chenye alama za dole gumba.

Mfugaji yule alikuwa muumini wetu, tena muumini mzuri. Katika harambee ya ujenzi wa kanisa la mtaa alikuwa ametoa ng'ombe dume. Tunaandika jambo hili kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililotupima. Shauri lilipofika kwenye kamati, mwinjilisti wetu alinyamaza muda mrefu. Baadaye alituambia kwamba alikuwa akihesabu bati. Paa la kanisa lilikuwa halijakamilika, na alijua kwamba akisema neno, mtoaji mkubwa wa mtaa wake angeweza kuondoka.

Shehe ndiye aliyeanza. Aliwaita wale ndugu wa marehemu, akawaeleza kwamba wanachokiita mila ya Waislamu si sheria ya dini yao. Kwanza hutengwa mali ya mke mwenyewe, kwa maana hiyo si ya marehemu. Kisha hulipwa madeni na wasia. Ndipo urithi hugawanywa, na mjane mwenye watoto ana fungu lake la thumuni, yaani moja ya nane, na watoto wana mafungu yao, wa kike na wa kiume. Kuwanyang'anya yatima ni dhambi kubwa. Sisi tusingeweza kuyasema maneno hayo. Hata kama tungeyajua, wangetuuliza tumeyatoa wapi.

Kisha zamu ya mwinjilisti ikafika. Alikwenda nyumbani kwa mfugaji akiwa na katekista. Wakasoma pamoja habari ya binti za Selofehadi, Hesabu sura ya 27, waliosimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema kwamba wamesema kweli. Yule ndugu alikasirika. Alisema alilipa fedha zake halali na hakujua habari za mjane. Ilikuwa kweli. Hakuwa mwizi, na yeye pia alikuwa amedhulumiwa.

Shauri likapelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Usuluhishi ulichukua vikao vitatu. Mwisho mama alirudishiwa sehemu ya mikorosho aliyoipanda pamoja na fungu la watoto wake. Mfugaji aliondoa ng'ombe baada ya msimu mmoja badala ya mitatu, na shemeji waliagizwa kumrudishia fedha za misimu miwili kidogo kidogo wakati wa mauzo ya ufuta. Makubaliano yaliandikwa, yakasainiwa na kuwekwa ofisi ya kijiji.

Tungependa kusema kwamba yote yalikwisha vizuri. Hadi tunaandika makala hii mfugaji yule hajalipwa fedha zake zote. Kwa miezi kadhaa hakuonekana ibadani. Sasa anakuja, ila hukaa nyuma. Paa la kanisa bado lina sehemu iliyofunikwa kwa makuti. Mama naye anaokota korosho zake, na binti yake mkubwa amerudi shule.

Tumejifunza kwamba katika jambo moja la haki kila dini na kila kanisa lina mlango wake. Shehe alifungua mlango ambao sisi hatuna ufunguo wake. Mwinjilisti alifungua mlango ambao shehe asingeweza kuugonga. Kama tungebaki kila mtu na ofisi yake, kila mmoja angemtetea mtu wake, na mama yule asingekuwa mtu wa yeyote kati yetu.

MAKANISA YALIPOSEMA PAMOJA

Yanayofanyika kijijini kwa udogo yamefanyika pia kitaifa. Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), ambayo KKKT ni mwanachama wake, na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) zina historia ndefu ya kushirikiana. Mwaka 1992 zilianzisha pamoja Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC) kwa ajili ya shule na hospitali, na mwaka huo huo makanisa yakatia saini makubaliano na serikali kuhusu huduma hizo.

Baadaye ushirikiano huo uliingia katika haki za kiuchumi. Mwezi Machi 2008, CCT, TEC na BAKWATA zilitoa kwa pamoja ripoti kuhusu uchimbaji wa dhahabu, zikionyesha jinsi taifa na vijiji vya jirani na migodi vilivyokuwa vikipata kidogo. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani nayo ilikuwa ikichunguza jambo hilo, na wabunge na waandishi wa habari walikuwa wakilisemea. Sheria mpya ya Madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na marekebisho ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6. Hatudai kwamba ni viongozi wa dini peke yao walioleta mabadiliko haya. Tunachosema ni kwamba askofu, padre na shehe waliposimama meza moja, ilikuwa vigumu kwa mtu kusema kwamba hayo ni maneno ya kundi fulani. Kwa jirani zetu Kenya, makanisa na dini nyingine walikutana Ufungamano House jijini Nairobi mwezi Desemba 1999 kuanzisha mchakato wa wananchi wa kudai katiba mpya. Mwaka 2001 mchakato huo uliunganishwa na tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai.

Rufiji na Kibiti zimepitia pia kipindi kigumu kuliko migogoro ya ardhi. Katika mauaji yaliyotokea hasa mwaka 2016 na 2017, wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa, na mwezi Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa siku moja huko Kibiti. Mwezi Novemba 2017 mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka, na hajaonekana tena. Mwaka 2018, maaskofu wa TEC katika ujumbe wao wa Kwaresima na maaskofu wa KKKT katika ujumbe wao wa Pasaka ulioitwa "Taifa Letu Amani Yetu" walizungumzia amani, haki na usalama wa raia. Nyaraka zilikuwa mbili, lakini hofu waliyoitaja ilikuwa moja.

Kwa vijijini hofu hiyo ilikuwa na matokeo ambayo hayakuandikwa magazetini. Watu wazuri walikataa uongozi. Mikutano ikawa haiitishwi, au inaitishwa na watu hawaji. Mahali ambapo mkutano wa kijiji hauitishwi, ardhi hugawanywa bila mkutano. Kwa hiyo tunapofufua mkutano wa kijiji tunatibu pia jeraha la miaka ile.

Delta yenyewe ina mfano wa kutia moyo. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa kampuni moja wa kufuga kambamiti katika maeneo ya mikoko, ingawa wataalamu wa mazingira walikuwa wametahadharisha. Wananchi wa delta walipinga, wakasaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT kupeleka shauri Mahakama Kuu. Mradi ule haukutekelezwa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wavuvi na wakulima wa kawaida, ambao walikubaliana kwanza wenyewe kwa wenyewe.

KAMATI YA USHARIKA INAWEZA KUFANYA NINI

1. Hudhurieni mkutano wa kijiji au wa mtaa. Kwa utaratibu, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Tangazeni tarehe kanisani kama mnavyotangaza kwaya, na ombeni muhtasari wa mkutano uliopita usomwe.

2. Ulizeni Baraza la Ardhi la Kijiji lina nani. Je, wanawake watatu wapo kweli, au ni majina tu? Wahimizeni kina mama wa Umoja wa Wanawake wakubali kuchaguliwa.

3. Watembeleeni wafiwa mara ya pili. Sisi Wakristo ni hodari wa kuzika na kutoa rambirambi, lakini mjane hunyang'anywa baada ya watu kutawanyika. Ziara ya mwezi wa tatu ni ya muhimu kuliko ya siku ya tatu.

4. Fahamuni ngazi za mashauri. Usuluhishi huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu na halitoi hukumu ya ardhi. Likishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa huenda Mahakama Kuu. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mtafuteni aliye karibu nanyi.

5. Msiende peke yenu. Kabla ya kuanza jambo lolote, mwiteni katekista, mchungaji wa kanisa la jirani na shehe. Kama hamwezi kukaa pamoja kwa chai, hamtaweza kukaa pamoja kwa shauri.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa moyo wote, nasi tunawaomba uvumilivu wa aina mbili. Kwanza, kazi hii haionekani kirahisi kwenye picha. Kisima kina pampu na zahanati ina kuta, lakini muhtasari wa mkutano ni karatasi ndani ya faili. Pili, kazi ya pamoja ina hesabu ngumu. Hatuwezi kusema kwamba mama yule ni "matokeo" ya Walutheri, kwa sababu si kweli. Tumeanza kuandika ripoti moja ya pamoja kwa wafadhili wa makanisa yote yaliyomo kwenye kamati, na tunawaomba muipokee hivyo hata kama jina letu limo mara chache.

Fedha zenu zinalipa nauli za wajumbe, nakala za sheria kwa lugha nyepesi, na gharama za kupima mipaka pale kijiji kinapokuwa tayari. Hazilipi posho ya kumfanya mtu apende haki, na hakuna fedha inayoweza kufanya hivyo.

Tunamalizia kwa kurudi kwenye swali la mwanzo: kwa nini tunawatumikia watu ambao si wetu? Mtu aliyemuuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani alitaka apewe mpaka. Bwana alimsimulia habari ya Msamaria na yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Njia panda ya Nyamwage nayo hupitwa na watu wengi, na wengine wao wameumizwa. Tukifika pale tunatumaini kuwakuta Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na mashehe wameshafika, au watatukuta sisi.